Shahada Iliyoitia Serikali Hasara

Si zamani sana, wala si mbali sana, ingawa msemaji wa serikali amekanusha yote mawili, kulikuwa na nchi iliyoitwa Shwari. Katika nchi hiyo hapakuwa na mtu mwenye huzuni. Jambo hilo lilipitishwa bungeni kwa kauli moja, na wabunge wawili waliotokwa na machozi wakati wa kupiga kura walitolewa nje ili wasiharibu takwimu.

Ndiyo maana watu wa mtaa wa Kigogoni walishangaa waliposikia kwamba Stumai, binti wa mzee Chande mwenye mashine ya kusaga, anakwenda chuo kikuu kusomea saikolojia.

"Inatibu nini hiyo?" jirani aliuliza.

"Roho za watu," alijibu mzee Chande, kwa sauti ya mtu aliyeelezwa jana na bado anakariri.

"Watu wa wapi?"

Mzee Chande alikuwa na binti mmoja tu. Akaiuza ile mashine, injini na jiwe lake, kisha akaenda kufanya kazi ya kusaga kwa jamaa mwingine kama kibarua. Kilichopelea kilitoka Bodi ya Mikopo, ambayo ina sifa ya kutoa pesa kidogo kidogo tena kwa kuchelewa, na kuzidai zote kwa mkupuo tena mapema.

Stumai alisoma kwelikweli. Wenzake walisoma ili wafaulu. Yeye alisoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Alijifunza kwamba mtu anayekujibu "sijambo kabisa" kabla hujamaliza kumwamkia, huyo ana jambo. Alijifunza kunyamaza kwa namna inayomfanya mwenzako aseme. Miaka ilipotimia akavaa joho, akapiga picha na baba yake, na akasikiliza hotuba ya mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Dokta Ngwanda. Udokta wake alizawadiwa na chuo hichohicho siku alipokizindulia choo. Alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Maji, Mwenyekiti wa Tume ya Tija ya Shahada, Mlezi wa Skauti, na vyeo vingine sita, kwa sababu katika Shwari watu wenye uwezo walikuwa wachache mno, ikabidi wale wachache wabebeshwe.

"Vijana!" alinguruma. "Msisubiri ajira! Jiajirini!"

Alipigiwa makofi mengi. Kisha akaondoka na gari la cheo chake cha nne.

*

Stumai alimsadiki. Alipata chumba kimoja mtaani, akaomba viti viwili kwa shangazi yake, akaenda Wizara ya Utulivu kuomba leseni ya ushauri nasaha. Dirishani alikaa bwana mmoja mpole, mwenye kikombe cha chai na muda mwingi.

"Shahada ya kwanza haitoshi, dada. Leseni ni kwa mwenye shahada ya uzamili."

Akaenda chuoni kuomba uzamili.

"Uzamili ni kwa mwenye uzoefu wa kazi," wakamwambia. "Umewahi kufanya kazi ya ushauri?"

"Nitaifanyaje bila leseni?"

"Kwani leseni huna?"

Akarudi wizarani. Akarudi chuoni. Akarudi wizarani tena, hadi yule bwana wa dirishani akawa anamwekea chai. Siku moja alimtazama kwa huruma.

"Dada, wewe umesomea haya mambo. Hebu niambie, unajisikiaje?"

"Nimechanganyikiwa, kaka."

"Haiwezekani," alisema yule bwana, akatikisa kichwa taratibu. "Shwari hatuna mtu aliyechanganyikiwa. Umekunywa chai leo?"

Stumai alirudisha viti vya shangazi. Nyumbani, baba yake alikuwa ametoka kazini, kope nyeupe kwa unga wa watu wengine. Hakumuuliza kitu. Kutoulizwa huko ndiko kulikomkera zaidi, maana alijua vizuri kabisa kunaitwaje kitaalamu, na kujua jina lake hakukusaidia chochote.

Mtaani maneno hayakukosa. Kijana wa jirani, aliyeacha shule na kujifunza kupaka kucha rangi, alikuwa tayari ana pikipiki. "Saikolojia," watu walisema, wakilitamka neno lile kama jina la ugonjwa wa kuku.

*

Hatimaye alipata kazi Mamlaka ya Maji. Mamlaka hiyo haikuwa na maji, lakini ilikuwa na simu nyingi, na ilimtaka mtu wa kuzipokea. Mshahara ulikuwa mdogo, na Bodi ya Mikopo iliuwahi kabla yake. Kilichobaki kilitosha nauli na vocha. Siku ya kwanza alipewa maelekezo yote ya kazi, yakaisha kwa pumzi moja: mteja akilalamika, mjibu "tunalifanyia kazi", kisha kata simu.

Stumai alijitahidi. Ila simu ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja aliyeanza na matusi kabla ya salamu. Alimtukana Stumai, akaitukana mamlaka, akalitukana bomba lililokauka uani kwake. Stumai akanyamaza, ile namna ya kunyamaza aliyojifunza.

"Baba," akasema baadaye, "maji yalipokuwa hayatoki mwaka jana, nani alikuwa anayachota?"

Matusi yakakatika. Kisha mzee akasema ni mke wake. Kisha akasema mke wake amefariki. Akaongea muda mrefu, akalia, akapenga kamasi, akamshukuru Stumai kwa dua ndefu, akakata simu. Maji hakuyataja tena.

Simu zikawa hivyo. Watu walipiga wakiwa moto, wakaondoka wamepoa. Wengine walipiga hata siku maji yalipotoka, wakasingizia kwamba hayatoki. Stumai alikuwa akifika nyumbani sauti imekauka, lakini moyoni alijiambia kwamba leseni hana, wateja anao.

Mwezi ule ripoti ilionyesha jambo ambalo halijapata kutokea: maji yamepungua, na malalamiko yamepungua zaidi. Dokta Ngwanda akamwita ofisini. Katikati ya ofisi hiyo palikuwa na chemchemi ya mapambo, samaki wa shaba akitema maji mchana kutwa.

"Umewafanya nini wananchi wangu?"

"Nawasikiliza, mheshimiwa."

"Basi?"

"Basi."

Dokta Ngwanda akaegemea kiti. Wakati huo mezani kwake palikuwa na mpango wa bomba la kwenda Kilima Kikavu, eneo ambalo lilikuwa limeahidiwa maji na marais watatu mfululizo.

"Niambie kitaalamu," alisema. "Mtu akishasikilizwa, kiu inapungua?"

"Hapana, mheshimiwa. Inayopungua ni hasira."

"Aa!" Dokta Ngwanda alitabasamu kama mtu aliyepata njia ya mkato. "Hiyo ndiyo kiu ninayoshughulika nayo mimi."

*

Kilichofuata kilienda mbio. Bomba la Kilima Kikavu liliahirishwa, kwa sababu Tume ya Tija ya Shahada, chini ya mwenyekiti wake Dokta Ngwanda, ilimthibitishia Mkurugenzi wa Maji, Dokta Ngwanda, kwamba kumlipa mwanasaikolojia ni rahisi mno kuliko kununua bomba. Mwanasaikolojia hapasuki, hapati kutu, na hahitaji kufukiwa ardhini, angalau mwanzoni.

Wahitimu wote wa saikolojia waliokuwa wakiuza vitumbua, wakifundisha chekechea na kuwalaumu wazazi wao wakatafutwa, wakaajiriwa, wakafungwa vipokea sauti masikioni. Stumai akawa Mkurugenzi Msaidizi wa Utulivu wa Wateja. Alipewa mshahara ambao hata Bodi ya Mikopo ikishamega, ulibaki wa kuitwa mshahara. Redioni Dokta Ngwanda alitangaza kwamba saikolojia ndiyo shahada yenye faida kuliko zote nchini, na wazazi waliokuwa wakiwasukuma watoto wao kwenye uhandisi wajitathmini.

Mzee Chande alinunuliwa mashine mpya. Alikwenda nayo polepole kwenye mkokoteni, akiizungusha mitaa ambayo haikuwa njiani. Wale waliolitamka neno saikolojia kama ugonjwa wa kuku sasa walimletea mabinti zao wapewe nasaha.

"Nilijua," aliwaambia, ingawa hakujua.

Na Stumai? Tusimsingizie. Alifurahi. Alinunua kitanda, akalala usingizi wa mtu ambaye hadaiwi maelezo na mtu yeyote. Kulikuwa na kitu kidogo kilichomsumbua, kama uzi wa nyama uliokwama jinoni, lakini alikuwa na kazi nyingi, naye akakiacha.

Miongoni mwa waliopiga kila mara alikuwa muuguzi wa zahanati ya Kilima Kikavu, mama wa makamo aitwaye Havintishi. Sista Havintishi alianza kwa ukali uliotisha hata mitambo. Alisema wanazalisha akina mama bila maji. Alisema ndugu za wagonjwa wanabeba madumu kutoka bondeni, na yakichelewa wauguzi wananawa kwa zamu kwenye beseni moja. Alimtaka mkurugenzi, alimtaka waziri, alitaka jina kamili la kila aliyempokelea simu.

Stumai alimshughulikia mwenyewe. Alimsikiliza wiki hadi wiki. Alimfundisha kuvuta pumzi hadi tumboni na kuitoa polepole. Alimfundisha kutenganisha yaliyo ndani ya uwezo wake na yaliyo nje. Sista akawa anapiga mara chache, na kwa sauti ya chini.

Jumatatu moja akapiga.

"Mwanangu Stumai, leo sikupigii kulalamika," alisema. "Napiga kukushukuru."

"Karibu, sista. Kumetokea nini?"

"Juzi tumempoteza mama mmoja. Homa ya uzazi. Alijifungua salama, mtoto mzuri, halafu ikaingia homa. Tulikuwa hatuna maji tangu Alhamisi." Alisema hayo kama anayesoma bei za sokoni. "Zamani ningepiga kelele hadi kwa mkuu wa wilaya. Safari hii nilikaa kwenye benchi, nikavuta pumzi kama ulivyonifundisha. Nikajiambia lililo nje ya uwezo wangu ni nje ya uwezo wangu. Ikapita. Wala sikulia. Umenisaidia sana, mwanangu."

Stumai aliinua macho. Chumba kizima kilimzunguka, safu za wahitimu wenzake wakisema kwa sauti tamu, "Pole sana... naelewa... hebu niambie zaidi."

"Sista," akasema, "naomba usitulie."

"Umesemaje?"

"Nimekukosea. Nilikutibu na hukuwa mgonjwa. Ile hasira yako ilikuwa sawasawa. Irudishe."

"Mwanangu, una homa?"

"Sina. Nisikilize wewe sasa. Njooni hapa. Waambie ndugu za yule mama, waambie Kilima Kikavu nzima. Njooni na ndoo."

Kisha Stumai akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miezi: Sista Havintishi anavuta pumzi, si ile ya tumboni, bali ile ya mtu anayejiandaa kugomba.

"Jina kamili la mkurugenzi wenu," alisema, "ni nani?"

Stumai alimpa. Kisha akasimama katikati ya chumba, akawaambia wenzake alichokisikia. Baadhi walivua vipokea sauti wakalia. Wengine walimkumbusha kwamba wana watoto. Lakini hadi jioni ile karibu kila aliyepiga simu kulalamika alijibiwa kwa upole uleule wa kitaalamu: "Naelewa. Una haki ya kukasirika. Ofisi zetu zipo mkabala na benki, na lango linafunguliwa saa mbili."

*

Walikuja. Hawakurusha jiwe hata moja. Waliingia na ndoo, madumu, sufuria, na mabeseni ya kuogeshea watoto, wakajaza ua, wakajaza ngazi, wakajaza ukumbi. Mbele alikuwa Sista Havintishi na sare yake nyeupe, na nyuma yake kijana mmoja mfiwa, amembeba mtoto mchanga kama mtu aliyeshikishwa kitu cha kioo. Walipoiona chemchemi kupitia mlango uliokuwa wazi, walipanga foleni. Yule samaki wa shaba akatemea ndoo za watu kwa mara ya kwanza katika utumishi wake.

Dokta Ngwanda alikuwa nyuma ya kabati.

"Stumai!" alinong'ona kwa ukali. "Nenda kawatulize!"

"Sitaweza, mheshimiwa."

"Tunakulipa kwa kazi gani?"

"Ya kuwatuliza wanaoumwa. Hawa hawaumwi. Hawa wamepona."

Walikaa pale siku baada ya siku, wakipokezana. Picha zikafika nchi za jirani, ambako zilichekwa, na kuchekwa ni kitu ambacho serikali ya Shwari haikuwa na sheria ya kukizuia. Bomba ambalo wataalamu walikuwa wameapa litachukua miaka sita likafika Kilima Kikavu kabla ya mwezi mwandamo wa pili. Sista Havintishi alinawa mikono mbele ya kamera hadi viwiko, bila tabasamu, kisha akarudi ndani kwa sababu kulikuwa na mama anasubiri.

Stumai alifukuzwa kazi jioni yake. Kesho yake watu wa Bodi ya Mikopo walikuja na lori kuichukua mashine mpya ya mzee Chande, iliyokuwa bado ina karatasi za dukani.

*

Baada ya hapo Stumai akaitwa mbele ya Tume ya Tija ya Shahada. Dokta Ngwanda alikaa kiti cha mwenyekiti. Alipotakiwa kutoa ushahidi kama Mkurugenzi wa Maji alihamia kiti cha shahidi, akajiapisha, akajihoji kwa heshima, kisha akarudi kitini pake akajishukuru.

Mahesabu yakasomwa. Upande mmoja waliweka ada ya Stumai, mkopo wake, na mishahara aliyolipwa. Tume ilikiri kwamba hadi hapo shahada yake ilikuwa na faida ya kupigiwa mfano. Halafu wakaanza kuongeza bomba, pampu, mafuta ya kijiko cha kuchimbia mtaro, posho za wataalamu waliokwenda kushangaa mtaro huo, na chakula cha uzinduzi. Karani alisoma hadi akaomba maji ya kunywa, na maji hayo nayo yakaongezwa.

"Tume imejiridhisha," alisema Dokta Ngwanda, "kwamba tangu nchi hii ipate uhuru, hakuna shahada ya kwanza iliyoitia serikali hasara kama hii. Idara ya saikolojia inafungwa. Majengo yake yatatumika kufundishia mapambo ya kumbi. Mhitimu atairejesha hasara yote."

"Kwa mshahara gani?" Stumai aliuliza. "Mmenifukuza."

Wajumbe walinong'onezana. Hoja ilikuwa nzito. Baada ya mapumziko ya chai iliamuliwa kwamba, ili akatwe mshahara, itabidi aajiriwe; kwa hiyo ameajiriwa tena na Mamlaka ya Maji, kufagia, kuanzia Jumatatu, na makato yatakwisha baada ya miaka mia moja na arobaini, akiwa na afya njema.

"Una la kusema?"

Stumai alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi, yote yakamtoroka, likabaki moja.

"Na yale maji mmeyahesabu upande gani?"

"Maji yapi?"

"Yanayotoka Kilima Kikavu."

Dokta Ngwanda alimtazama karani, karani akatazama karatasi.

"Yale si watu wanayanywa?" alisema Dokta Ngwanda, kwa mshangao wa kweli. "Kitu kikishanywewa kinahesabiwaje?"

Kikao kikafungwa kwa sala.

Mzee Chande alikuwa akisubiri nje kwenye ngazi tangu asubuhi, amevaa kanzu ya sikukuu. Stumai alimweleza hukumu yote, kufagia na miaka na makato. Mzee alisikiliza huku akikunja na kukunjua kofia yake.

"Nilitaka usome uhasibu," alisema mwishowe.

"Najua, baba."

"Nilinyamaza tu."

"Najua, baba. Nilikuona."

Hapo ndipo Stumai alipokaa chini, palepale kwenye ngazi za serikali, akaanza kulia. Hakulia kistaarabu. Alilia kwa sauti, kwa hasira, akipiga ngazi kwa kiganja, kwa ajili ya yule mama wa Kilima Kikavu ambaye hakuwahi kumwona, na kwa ajili ya ile benchi ambayo Sista alikaa akavuta pumzi. Watu waliokuwa wakipita walisimama. Mama mmoja mwenye kapu akaanza naye kufuta macho, akatazama huku na huko kuona kama kuna anayehesabu.

Askari wa mlangoni alikuja mbio.

"Dada! Hapa ni marufuku kulia. Tulia!"

"Sitaki."

"Nimesema tulia!"

"Sitaki kutulia!"

Askari akamwita mwenzake. Mwenzake akaja akiwa na pingu. Mzee Chande akavaa kofia yake, akashuka ngazi moja, akasimama katikati yao na binti yake.

"Mwacheni," aliwaambia. "Ameisomea."